Jibini Inavutika, Mlenda Unavutika

Mgahawa unaojiita wa asili ni maandishi kama maandishi mengine, na unaweza kusomwa na kuhakikiwa. Kibao cha mlangoni ni jalada lake, orodha ya vyakula ndiyo matini yenyewe, na mapambo ya ukutani ni picha zake. Msimulizi ni mhudumu, ambaye mara nyingi amevalishwa mavazi asiyoyavaa akirudi kwake. Na kama ilivyo katika riwaya, mgeni anaombwa aamini jambo moja kabla hajavuta kiti: kwamba watu wa hapa wamekuwa wakila hivi tangu zamani.

Nimekula katika migahawa ya aina hii sehemu mbili zilizo mbali sana. Ya kwanza ni Geneva, nilikokwenda kwa mafunzo ya wiki mbili na wenyeji wetu wakatupeleka kula fondue. Ya pili ni Singida mjini na kandokando ya barabara kuu, ninakopita kila ninapokwenda nyumbani Mgori, mashariki ya mji huo. Nataka kuihakiki yote kwa vipimo vilevile. Nadhani mgahawa wa Uswisi unajua kitu ambacho wa kwetu haujakijua, na pia unaficha kitu ambacho tusikiige.

Nianze na fondue, kwa asiyeijua. Chungu kizito kiitwacho caquelon kinasuguliwa ndani kwa kitunguu saumu, kinatiwa divai nyeupe, kisha jibini iliyokunwa. Upande wa Uswisi unaozungumza Kifaransa wanapenda nusu Gruyère na nusu Vacherin ya Fribourg. Unaongezwa wanga kidogo ili mafuta yasijitenge, na pengine kirsch, pombe kali ya cheri. Chungu kinaletwa mezani kikiwa juu ya kijiko kidogo cha spiriti, kinatokota polepole. Kila mtu ana uma mrefu. Unachoma kipande cha mkate, unachovya, unakoroga mpaka chini, unainua. Jibini inavutika. Unazungusha uma hewani mpaka uzi ukatike, ndipo unakula.

Kuna sheria. Aliyeangusha mkate chunguni analipa faini, mara nyingi chupa ya divai. Maji baridi yanakatazwa kwa imani kwamba yataigandisha jibini tumboni. Unakunywa divai nyeupe au chai ya moto. Mwishoni unabaki ukoko chini ya chungu. Wenyewe wanauita religieuse, yaani mtawa wa kike, na wanaugombania kwa adabu, kama sisi tunavyougombania ukoko wa pilau.

Kama hati, mgahawa ule ulikuwa umeandikwa vizuri. Kengele za ng'ombe zilining'inia juu ya kaunta, ukuta ulikuwa wa mbao nyeusi, na picha zilionyesha malisho ya milimani. Geneva ni mji wa ziwani, wa benki na mikutano, na ng'ombe wa picha zile hawajawahi kukanyaga mtaa ule. Mhudumu aliyetufundisha sheria za chungu alikuwa Mreno, na alizifundisha kwa uhodari kuliko Waswisi tuliokuwa nao mezani. Hakuna aliyeona ajabu. Hadithi ilikuwa imekomaa kiasi kwamba yeyote angeweza kuisimulia.

Ilikomaaje? Hapo ndipo historia inaponoga. Jibini iliyopikwa katika divai imeandikwa katika kitabu cha mapishi cha Zurich cha mwaka 1699, kwa hiyo chakula chenyewe si cha juzi. Lakini kwa muda mrefu fondue ilijulikana hasa kama chakula cha magharibi, pande za Fribourg, Neuchâtel na Vaud. Aliyeifanya iwe ya taifa zima ni chama cha biashara. Mwaka 1914 uliundwa Umoja wa Jibini wa Uswisi, Käseunion, uliopanga bei, ukanunua jibini ya wazalishaji na kuamua ni aina zipi zitengenezwe kwa wingi. Katika miaka ya 1930, soko lilipokuwa gumu, Umoja huo ulianza kuitangaza fondue kama chakula cha Waswisi wote, wa Kijerumani, wa Kifaransa na wa Kiitaliano. Chakula kinachomaliza jibini nyingi kwa kikao kimoja kilikuwa jawabu zuri kwa wenye jibini nyingi. Matangazo yaliendelea kwa miongo kadhaa. Umoja wenyewe ulivunjwa mwaka 1999, na fondue ikabaki.

Tangazo lilikuta ardhi iliyolimwa. Waswisi walikuwa tayari na kisa cha Kappel cha mwaka 1529, ambapo majeshi ya Wakatoliki na Waprotestanti, yakiwa tayari kupigana, yalikula pamoja supu ya maziwa na mkate kutoka chungu kimoja. Mchoraji Albert Anker alikichora kisa hicho mwaka 1869. Nchi yenye lugha nne na madhehebu yaliyowahi kushikiana silaha ilikihitaji chungu cha katikati, na wauza jibini wakakileta.

Wapo watakaosema basi yote ni uongo wa wafanyabiashara. Mimi sisemi hivyo. Asili nyingi tunazozijua zilitengenezwa na mtu, kwa sababu fulani, katika mwaka unaoweza kutajwa. Swali la mhakiki ni jingine: zilitengenezwa kwa kitu gani, na faida yake ilimrudia nani? Kwa fondue, kitu chenyewe kilikuwa chakula cha kawaida cha pande za magharibi: mkate na jibini. Umoja wa Jibini ulikichukua chakula hicho bila kukificha uso. Haukukiweka kwenye sahani ndogo na kukipamba kwa jani. Ulikiacha kwenye chungu chake, pamoja na uzi wake unaovutika, ukawaambia watu kwamba uzi huo ndio raha yenyewe.

Sasa twende Mgori.

Mvua kwetu ni ya msimu mmoja, inaanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili. Katika miezi hiyo majani ya mlenda yanaota shambani na porini bila kupandwa na mtu. Wanawake wanayachuma, wanayaanika, wanayatwanga na kuhifadhi unga wake kwa ajili ya kiangazi, wakati ambapo hakuna jani bichi lililobaki. Siku ya kupika, maji yanachemshwa na magadi kidogo, unga wa mlenda unamiminwa, na kipekecho kinazungushwa kati ya viganja viwili mpaka mchuzi ushikane. Wenye karanga wanatia karanga zilizotwangwa. Pembeni kuna ugali wa uwele au wa mtama, wenye rangi ya majivu na harufu ya nafaka iliyosagwa karibuni.

Ulaji wake una ufundi. Unakata tonge, unalifinyanga, unalibonyeza kwa dole gumba liwe na kishimo, unachovya, unainua. Mlenda unavutika. Unazungusha mkono kidogo hewani mpaka uzi ukatike, ndipo unakula. Mama yangu mkubwa alikuwa akimtazama mtoto asiyejua kuukata uzi na kumwambia, "Mwanangu, mlenda hauburuzwi kama kamba ya mbuzi." Chungu ni kimoja na sinia ni moja. Mtoto hamtangulii mkubwa, na mkono hauvuki kwenda upande wa mwenzako.

Msomaji ameshaona ninakoelekea. Mwendo wa mkono ni uleule. Chakula kilichohifadhiwa kwa ajili ya miezi migumu kinayeyushwa katika chungu kimoja, kinachovywa kwa wanga, kinavutika, kinakatwa kwa ustadi, na kina sheria za mezani zinazowafundisha watu kuishi pamoja. Geneva nilimwona kijana akimwomba mwenzake ampige picha huku uzi wa jibini ukining'inia kutoka kwenye uma. Nilisoma sekondari ya bweni mkoa mwingine, na huko mtu wa Singida au Dodoma alijulikana kwa jina moja la utani, na jina hilo lilitoka kwenye mlenda. Waliokuwa wakicheka walikuwa wanaucheka uzi.

Ndiyo maana mgahawa wa asili wa Singida unanihuzunisha ninapousoma. Wiki chache zilizopita nilikaa katika mmoja ambao sitautaja jina. Kibao kiliandikwa kwa rangi nyekundu kwamba hapa ni nyumbani kwa vyakula vya asili. Ndani kulikuwa na vibuyu ukutani, ngoma ndogo, na ungo uliogeuzwa kuwa pambo la taa. Orodha ilikuwa na kuku wa kienyeji wa kuchoma na wa kuchemsha, wali, chipsi, ndizi, ugali wa sembe, na mwishoni kabisa maneno mawili: mboga za majani. Niliomba ugali wa uwele na mlenda. Dada aliyekuwa anahudumia alicheka, si kwa dharau, ila kama mtu aliyesikia siri ya familia ikitajwa hadharani. "Huo tunapika nyumbani, kaka. Wageni hawauli."

Sentensi hiyo ndiyo uhakiki mkali kuliko wowote niliowahi kuusikia juu ya migahawa yetu, na imesemwa na mtu wa ndani. Inatuambia kwamba neno asili pale mlangoni linamaanisha mapambo. Kibuyu kimepanda ukutani na kilichokuwa kikikaa ndani ya kibuyu kimebaki nyumbani. Geneva kengele ya ng'ombe iko ukutani, lakini maziwa ya ng'ombe yako mezani. Hii ndiyo tofauti ya kwanza kati ya hati hizi mbili, na kwangu ni kubwa.

Kuku anastahili aya zake, kwa sababu yeye ndiye nyota wa orodha ile. Kuku wa Singida ana sifa nchi nzima. Baa za Dar es Salaam zinamtangaza kwa jina la mkoa wake, na wanaomla wanaapa kwamba ladha ni nyingine. Ukikaa Mgori asubuhi utamwona anavyoanza safari: mnunuzi anapita na baiskeli au pikipiki nyumba kwa nyumba, anajadiliana bei na mama mwenye kuku, anawatia kwenye tenga, na kufikia jioni wamefika mjini kusubiri gari la kwenda mbali. Kwa mama yule kuku ni akiba. Ni madaftari, ni sabuni, ni nauli ya kwenda hospitali. Anachinjwa siku ya sikukuu au mgeni wa heshima anapofika, na firigisi inajua inakwenda kwa nani.

Kwa hiyo mgahawa unaposema chakula cha asili cha Singida ni kuku, haudanganyi, ila unasimulia ukurasa mmoja tu wa kitabu. Ni chakula ambacho mwenyeji humpa mgeni. Msafiri anayeshuka kwenye basi anapokewa kwa heshima ya mgeni, na hilo ni jambo la adabu. Lakini anaondoka akidhani ameona tunavyoishi, wakati ameona tunavyokaribisha. Hadithi ya uwele, nafaka inayovumilia ukame kwenye ardhi isiyoyapenda mahindi kila mwaka, haijamgusa kabisa.

Tena hata huyo kuku, jina lake linaanza kulegea. Chotara kama Kuroiler na Sasso wamesambaa nchini kwa sababu wanakua haraka, na ni kuku wazuri kwa mfugaji. Lakini mezani wengi wao wanaitwa kienyeji, na mlaji wa mjini hana njia ya kujua. Waswisi wanajua kwamba jina ni mali. Gruyère imesajiliwa nchini mwao tangu mwaka 2001: lazima itengenezwe katika eneo lililotajwa na kwa njia iliyotajwa. Hata hivyo ulinzi huo una mpaka wake. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba kule gruyere ni jina la kawaida la aina ya jibini, na yeyote anaweza kulitumia. Kama jina lenye wanasheria na karne za historia linaweza kupotea hivyo, jina la kuku linalolindwa na kibao cha baa liko hatarini zaidi. Anayepoteza si mwenye baa. Ni mama yule wa tenga.

Asali pia haikuwepo. Katikati ya miaka ya 1990 vijiji vya Mgori vilikuwa miongoni mwa vya kwanza nchini kuuchukua msitu wao wa miombo na kuulinda vyenyewe, badala ya kuuachia serikali kuu. Msitu wa miombo na mizinga huenda pamoja. Katika mgahawa ule wa vibuyu, chai ililetwa na pakiti za sukari. Sentensi moja tu kwenye orodha, chai kwa asali ya Mgori, ingesimulia miaka mingi ya mikutano ya kijiji na doria za usiku.

Isidhaniwe kwamba kasoro hii ni ya Singida peke yake. Migahawa mikubwa ya kanda yetu ina uandishi uleule kwa bajeti nene. Carnivore ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1980, imewafurahisha wasafiri wa dunia nzima kwa nyama inayochomwa na kuletwa mezani kwenye mapanga ya Kimasai, na kwa miaka mingi nyama ya porini ilikuwa sehemu ya mvuto wake. Ni onyesho la kusisimua, na wachomaji wake wanaijua kazi. Lakini Wamasai wenyewe, kwa mila yao, ni watu wa mifugo na hawakuwa walaji wa nyama ya porini. Panga limekopwa kutoka hadithi moja, nyama ikatoka nyingine, na mgeni akaziunganisha kichwani mwake.

Hapo Uswisi inaingia tena, safari hii kupitia mlango wa jikoni kwetu. Chuo cha Utalii cha Kenya kilifunguliwa mwaka 1975 kwa ushirikiano wa serikali ya Kenya na ya Uswisi, na vizazi vya wapishi na wahudumu wa hoteli vimepita pale. Ufundi wa Waswisi wa kumpokea mgeni ulitufikia kwa njia nzuri: usafi, saa, hesabu ya jiko, namna ya kubeba sahani tatu kwa mkono mmoja. Lakini ufundi wa pili wa Waswisi hauwezi kuletwa na mwalimu kutoka nje. Ule wa kukitazama chakula cha nyumbani kwako, chenye harufu kali na uzi mrefu, na kumwambia mgeni kwa uso mkavu kwamba hiki ndicho tunachokula, na kula ni hivi, na ukiangusha mkate utalipa.

Nimesema pia kwamba kuna kitu tusikiige. Umoja wa Jibini ulipochagua aina chache za kuzisukuma sokoni, nyingine zilibaki nyuma. Nchi yenye mkate wa rai wa Valais na polenta ya Ticino ikajulikana kwa chungu kimoja na chokoleti. Taifa likishakuwa na chakula kimoja cha asili, vingine vinageuka kuwa tabia za vijijini. Ninaweza kuliona hilo likitokea kwetu: siku moja hoteli kubwa itauona mlenda, itauita kwa jina jingine, itaupika bila magadi ili usivutike, itauweka kwenye bakuli dogo karibu na kijiko. Utakuwa mlenda ulioombewa msamaha. Afadhali uendelee kukaa nyumbani.

Kwa hiyo haya ndiyo maswali ninayoingia nayo katika mgahawa wowote wa asili, Geneva au Singida. Je, aliyepika angekula hiki kwake jioni hii? Je, jina lililoandikwa kwenye orodha linamlipa aliyelima au aliyefuga? Na je, mgeni anafundishwa kula, au chakula ndicho kinachofundishwa kumpendeza mgeni? Mgahawa wa fondue wa Geneva ulijibu ndiyo kwa la kwanza, kwa kiasi, maana mhudumu wetu Mreno pengine alikwenda kula samaki. Kwa la pili ulijibu ndiyo kwa historia yake yote. Kwa la tatu ulijibu ndiyo kwa nguvu, na hapo ndipo ninapoupa alama za juu. Mgahawa wa vibuyu ulifeli la tatu, na kwa sababu hiyo mengine hayakupata nafasi ya kuulizwa.

Kinachonipa moyo ni kwamba dawa yake si ghali. Haihitaji mbunifu wa mapambo wala mkopo wa benki. Inahitaji chungu, kipekecho, gunia la uwele, na yule dada aliyecheka, aliyekua akiukata uzi wa mlenda tangu utotoni na anaweza kumfundisha msafiri yeyote kwa dakika mbili, vizuri kuliko Mreno alivyotufundisha sisi. Wasafiri wa basi wana haraka, ndiyo, lakini mlenda ukishapikwa hausubirishi mtu kama kuku wa kuchoma. Na wale wasio na haraka, wanaolala Singida kwa ajili ya miamba na maziwa yake, wanatafuta kitu ambacho hawakukipata Dodoma wala Mwanza.

Ukipita Singida, agiza ugali wa uwele na mlenda. Wakikuambia haupo, uliza kesho utakuwepo saa ngapi. Orodha za vyakula huandikwa upya na watu wanaouliza.